Kura ya Elinipendo

Katika nyumba ile watu wote walimtaka yule Mama ashinde, isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa akiwapikia wengine.

Elinipendo alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda, anamenya ndizi, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Kutoka sebuleni alimsikia mume wake, Mzee Eliufoo, akigombana na redio. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa tatu, mkono wake wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vya kubebwa tu, na maneno yalimtoka moja moja, kila moja kwa jasho lake. Akili lakini haikuguswa. Mzee alikuwa karani wa mizani katika chama cha ushirika kwa miaka ishirini na sita, akipima kahawa za watu wa Mamba yote huku mlimani, na sasa alipokosa kahawa ya kupima, alipima wagombea wa urais wa Marekani.

"Mama... Hosea!"

"Nipo, Baba Hosea."

"Huyu... Tajiri. Amesema... tena."

"Amesema nini?"

"Atawafukuza. Wote... wasio na... karatasi."

Elinipendo alitupa ndizi kwenye beseni la maji. "Basi tumwombe Mungu," alisema. Hakusema aombwe nini.

Wagombea wale walikuwa na majina yao, tena yalitajwa redioni kutwa nzima, lakini nyumbani kwa Eliufoo waliitwa Mama na Tajiri, ikatosha. Na wala si nyumba hiyo peke yake. Wiki tatu zilikuwa zimebaki watu wachague wenyeviti wa vitongoji vyao wenyewe, na ungemuuliza mtu pale njiapanda nani anagombea, angekuangalia kama umemuuliza siku ya kiama. Lakini ungemuuliza habari za Marekani, angekupa mpaka idadi ya kura za kila jimbo. Hivyo ndivyo tulivyo. Kila ukoo huku mlimani una mtoto wake huko, na mwenye mtoto huko ana uchaguzi huko.

Wa nyumba hii aliitwa Godwin. Alikuwa kitinda mimba, alikwenda Ohio kusoma, shule ikakatikia njiani, viza ikaisha, yeye akabaki. Mwaka wa kumi na tano huo. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee wa Kizungu: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwalisha uji. Akitoka nje ya nchi ile hataruhusiwa kuingia tena kwa miaka kumi, kwa hiyo hakutoka. Harusi ya kaka yake aliiona kwenye simu.

Jambo la urithi lingengoja, kama si kiharusi. Baada ya mzee kuanguka, wazee wa ukoo walikaa wakasema Desemba, tarehe ishirini na saba, watu wote wakiwa wamepanda kutoka Dar na Arusha kula Krismasi, kitafanyika kikao na boma litakabidhiwa. Kwa desturi ya huku, kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na nyumba ya baba ni vya kitinda mimba, maana mkubwa hupewa chake mapema akaanze maisha. Hosea, mkubwa, alishapewa chake zamani. Lakini kitinda mimba sharti awepo, asimame mbele ya wazee kwa miguu yake. Elinipendo aliuliza kama Godwin angeweza kuwekwa kwenye simu, wote wamwone. Mwenyekiti wa ukoo alimjibu kwa upole, kama anayemjibu mtoto, kwamba boma halikabidhiwi kwenye simu.

Asipokuwepo, ni la Hosea. Na Hosea alikuwa hafichi: atavunja nyumba, ajenge loji ya watalii, mlima unaonekana vizuri kutoka pale kwenye migomba. Wazazi atawahamishia Himo, nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi. "Kuna chumba kizuri Mama, kina vigae." Elinipendo aliwahi kukiona chumba hicho. Dirisha lake liliangalia rundo la nondo.

Kwa hiyo usiku na mchana mwanamke huyu alipima na yeye, kimyakimya. Akishinda Mama, Godwin atabaki huko aliko, akingoja karatasi miaka mingine kumi na tano, na mama yake atafia Himo, azikwe na Hosea. Akishinda Tajiri, watamshika mwanawe mkono, watampandisha ndege, na ndege itamshusha pale KIA, saa moja tu kutoka jikoni kwake. Alijua kwamba mama mwema haombi mwanawe akamatwe. Alijua, na bado kila alipofumba macho aliomba.

*

Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi huo alikata mkungu wa ndizi mshare, akaubeba kichwani mwenyewe mpaka kanisani. Ndani ya bahasha aliweka sadaka kidogo na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, akiwa amepima kila neno: *Namwombea mwanangu Godwin aliyeko Marekani. Katika uchaguzi wa huko Mungu atende mapenzi yake, na mwanangu asisahauliwe.* Aliona ameandika vizuri. Hakudanganya na hakujisema.

Alichosahau ni kwamba sadaka ya vitu inapigwa mnada, na mnada wa usharika ule unaendeshwa na Elisaria.

Elisaria alikuwa mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuuza ng'ombe. Ibada ilipokwisha, watu wakatoka nje wakasimama kwenye majani, mvua ya vuli ikiwa imepumzika kidogo, akauinua mkungu juu kwa mikono miwili.

"Huu ni wa Mama Hosea! Wapendwa, mmesikia ombi lake ndani. Mtoto wetu Godwin yuko kwenye shida kule. Kuna mtu anataka kumfukuza! Sasa nauliza, nani anataka Godwin abaki Marekani? Tuanze na elfu tano!"

"Tano!" mtu alipaza sauti.

"Mnaacha afukuzwe kwa elfu tano? Yaani mtoto wa Meku Eliufoo, mzee wetu, aliyepima kahawa zenu bila kuwaibia hata ratili moja?"

Watu walicheka. Ikawa kumi, ikawa kumi na tano. Elinipendo alisimama katikati ya kinamama wenzake, kitenge amekishika kifuani, akatamani ardhi ipasuke. Kila aliyepandisha bei alimgeukia na kutikisa kichwa kwa huruma. Mjane mmoja ambaye hata sabuni ilikuwa inampiga chenga alitoa elfu moja ya kusukuma bei. "Tupo na wewe, Mama Hosea," alimnong'oneza. "Yule Mama atapita. Mungu si wa matajiri peke yao."

"Asante, ndugu yangu," Elinipendo alisema, akiangalia majani.

Hapo ndipo Hosea alipoinua mkono. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili, funguo za gari zinaning'inia kidoleni.

"Hamsini."

Makofi yalilipuka. Elisaria alikaribia kuruka. "Hamsini! Ndugu anamnunulia ndugu yake! Nani zaidi? Hakuna. Kaka ndiye kaka!"

Elinipendo alimwangalia mwanawe mkubwa. Watu waliona mapenzi. Yeye aliona loji. Labda alimwonea. Mtu anaweza kutaka mambo mawili kwa pamoja, na yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa mwisho kushangaa.

"Namrudishia Mama," Hosea alisema kwa sauti. "Mtumishi, mpe mama yangu mkungu wake, akampikie Baba."

Makofi tena. Ni heshima kubwa mtu kununua sadaka na kukupa wewe, nayo haikataliwi. Mkungu ulirudi kichwani pake, na Gladys, mke wa Hosea, akamshika mkono kumsaidia kushuka ngazi.

"Mama, mbona unakunja uso?"

"Ni uzito, mwanangu."

Alikuwa amekwenda kumwomba Mungu kwa siri, na sasa kanisa zima lilikuwa limemwomba kinyume chake, tena kwa pesa taslimu.

*

Jumatano, saa saba na nusu mchana, redio ilitangaza kwamba Tajiri ameshinda.

Mzee Eliufoo alitazama redio mpaka tangazo la biashara likaingia, kisha machozi yakaanza kumshuka, la jicho la kulia likipita lilipotaka maana upande huo hausikii. Elinipendo alimfuta kwa pindo la kanga.

"Amekwisha," mzee alisema. "Mtoto... amekwisha."

"Hajaisha, Baba Hosea."

"Watamleta... kama... mwizi. Mbele ya... watu."

Alimpigapiga bega, akaenda jikoni, akafunga mlango. Huko alikaa kwenye kigoda na kujaribu kulia, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Badala yake kitu kingine kilimpanda kifuani, kikatoka kwa pumzi, na alipojisikia alikuwa anacheka, mkono umeziba mdomo, kama msichana aliyeficha barua. Anarudi. Mwanangu anarudi. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda buchani njiapanda akanunua nyama kilo moja, akarudi akamenya ule mshare wa mnada, akapika machalari, na vitunguu, na karoti, na hoho, kama vile siku ya kipaimara.

Saa kumi na moja Hosea na Gladys walipanda kutoka Himo kuja kuwafariji. Gladys aliingia jikoni kwanza.

"Shikamoo Mama. Poleni na..." Alisimama. Alinusa. Akafunua sufuria, akaifunika tena. "Mama, leo kuna mgeni?"

"Hakuna. Baba yenu hajala vizuri siku mbili."

"Nyama yote hii? Jumatano?"

"Mkale basi, ipo ya kutosha."

Gladys hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakuongeza. Lakini mezani Hosea alikula vijiko vitatu, akaweka kijiko chini. Alimwangalia baba yake aliyekuwa hagusi sahani, akamwangalia mama yake aliyekuwa anajitahidi kukunja uso, akarudisha macho kwenye sufuria. Huyu alikuwa mfanyabiashara. Alijua kusoma uso wa mtu aliyepata faida.

"Mama, njoo unionyeshe yule ndama."

Walikwenda mpaka kwenye banda. Ndama hakuwa na tatizo lolote.

"Ulimwombea nani, Mama?" Hosea aliuliza.

"Nilimwombea ndugu yako."

"Sikuuliza hivyo."

Elinipendo aliokota unyasi, akauweka kwenye hori. Alikuwa amechoka kuficha. Miezi minane ya kumwinua mtu mzima kitandani, kumwogesha, kumgeuza, kumwambia kila mtu kwamba wanaendelea vizuri, ilikuwa imemmaliza nguvu zote za uongo.

"Nilimwombea anayenirudishia mwanangu," alisema.

"Akamatwe? Afungwe pingu? Hilo ndilo ulilolipikia machalari?"

"Hosea."

"Halafu tukasimama pale kanisani. Mimi nikatoa hamsini elfu mbele ya watu, abaki."

"Ulitoa abaki ili upate nini?"

Hosea aliegemea nguzo ya banda. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ilimuumiza mama yake kuliko angepiga kelele.

"Siku Baba alipoanguka mvua ilikuwa inanyesha, gari halipandi. Nani alimbeba mgongoni mpaka lami?"

"Wewe."

"Nani anakuja kila Jumapili kumkata kucha?"

"Wewe, baba yangu."

"Basi mimi nipo. Mwaka wa kumi na tano nipo. Na wewe unapiga magoti kumwomba Mungu ampe Marekani yote mtu mmoja, ili upate yule ambaye hayupo. Mimi ni mtoto wa nani, Mama?"

Elinipendo angeweza kumwambia kwamba aliyepo hakunyimi usingizi, na kwamba huo si upendo mdogo, lakini maneno hayo yalimfika siku mbili baadaye, akiwa anakamua. Jioni ile alisema tu, "Ni mtoto wangu," na lilisikika kama jambo lililosemwa kwa kulazimishwa.

Hosea alirudi ndani, akambeba baba yake kutoka kwenye kiti mpaka kitandani, akamfunika, akamtia mto chini ya mkono ulio mzito, kama daktari alivyowaelekeza. Kisha akawasha gari wakashuka. Machalari yalibaki nusu sufuria, na Elinipendo alikula peke yake, yakiwa yamepoa.

*

Godwin alipiga simu Jumamosi, saa kumi alasiri. Kwake ilikuwa asubuhi, ametoka kazi ya usiku. Elinipendo alikuwa uani anageuza kahawa kwenye kichanja. Alifuta vidole haraka haraka akapokea.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Wamekuja?"

"Nani wamekuja?"

"Hao wa kufukuza."

Godwin alicheka kwa uchovu. "Bado, Mama. Huyo hajaapishwa hata. Ni mpaka Januari."

"Januari!" Tarehe ishirini na saba Desemba ilimpita Elinipendo kichwani. Hakuwa amejua. Siku zote hizo alidhani mtu akishinda leo, kesho anaanza.

"Tena huenda wasinifikie mwaka mzima. Wako wengi mbele yangu. Unajua mzee ninayemtunza alimchagua yeye? Nilimpeleka mwenyewe kupiga kura, nikamsukuma na kiti chake mpaka mlangoni. Jana ninamwogesha, akaniambia, 'Godwin, usiogope, si wewe. Ni wale wengine.'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamsugua mgongo."

Elinipendo alitazama migomba. Akakaa kwenye jiwe la kunolea panga. Alikuwa amemkosea Mungu, amemkosea Hosea, amelidanganya kanisa, na yote hayo hayakuwa yamemnunulia hata Krismasi moja.

"Godwin, nina jambo la kukuambia. Usinikasirikie."

"Sema Mama."

"Nilimwombea yule Tajiri. Ashinde. Ili wakurudishe."

Akamsikia mwanawe akicheka, kicheko cha kweli safari hii, ambacho hakukisikia tangu alipokuwa kijana wa hapo nyumbani.

"Mama wewe! Kwani una kura Ohio?"

"Usinicheke."

"Sikucheki." Na kweli alikuwa ameacha. "Mama, na mimi nikuambie langu. Mimi hakuna anayenizuia kurudi. Hakuna hata mmoja, si Tajiri si yule Mama. Kutoka huku ni tiketi tu. Karatasi zinatakiwa kwa kubaki."

"Sasa kwa nini, mwanangu?"

"Nitarudi na nini?"

Elinipendo aliokota punje ya kahawa iliyodondoka.

"Miaka kumi na tano, Mama. Desemba watu wanapanda huko na magari mpaka barabara inaziba. Mimi nishuke njiapanda na begi? Nina miaka arobaini na moja. Sina nyumba, sina shahada, sina mke. Baba amewaambia watu nakuja kujenga ghorofa. Siku nyingine natoka kazini, nakaa kituoni, namwomba Mungu waje wanikamate. Nakuapia. Wakinikamata watu watasema amefukuzwa, pole yake. Nikija mwenyewe watasema ameshindwa."

Elinipendo alijifunika uso kwa kiganja chenye vumbi la kahawa. Kumbe walikuwa wanaomba ombi moja, huyu huku na yule kule, na wote wawili walimtafuta rais wa nchi kubwa aje afanye jambo ambalo lilihitaji tu mtu mmoja aseme njoo. Lilimchoma jambo hilo. Miaka mingapi alimuuliza "unakuja lini," na hakuwahi hata mara moja kumwambia aje alivyo.

"Njoo na begi," alisema.

"Na Baba?"

Alisimama. Aliingia ndani na simu mkononi, akiwa ameiweka kwenye spika. Tangu mwezi wa tatu Mzee Eliufoo alikuwa amekataa katakata kusema na Godwin. Kila simu ilipoita alitikisa mkono wa kushoto, na Elinipendo akasema baba amelala, baba ana mafua, baba yuko kwenye kikao cha ushirika. Godwin alijua baba aliumwa kidogo, akapona. Hivyo ndivyo mzee alivyotaka asemwe, na nyumba nzima ilitii.

Alikuwa kitandani, ameegemezwa mito, anaangalia dari.

"Baba Hosea. Godwin anataka kurudi nyumbani."

Mzee aligeuza kichwa. "Wame... mfukuza?"

"Hawajamfukuza. Anarudi mwenyewe. Desemba hii, kwenye kikao cha boma."

"Ana... karatasi?"

"Hana."

"Ana... gari?"

"Hana gari. Hana kitu."

Mdomo wa mzee ulihangaika. Alitafuta maneno, yakamponyoka, akayatafuta tena, na yalipokuja yalikuja na mate.

"Sasa ata... atakuja... na ni... nini? Wa... watu..."

"Mama," sauti ya Godwin ilisema kutoka kwenye simu. "Huyo anayeongea ni nani?"

Mzee aliganda. Aliangalia mkono wa mkewe, akaiona simu, ikiwa inawaka.

Elinipendo angeweza kuikata. Kidole kilikuwa hapo hapo. Lakini alikuwa na umri wa miaka sitini na nane na mgongo ulikuwa unamuuma, akaona atasema ukweli mara moja apumzike.

"Ni baba yako," alisema. "Ndivyo anavyoongea siku hizi. Mkono wa kulia hana, mguu wa kulia hana. Ninamwogesha kila siku, ninamlisha. Alikataa tusikuambie."

Kwenye simu kulisikika gari la mtu likipita katika mji wa mbali. Kisha Godwin alianza kulia, kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, bila kujizuia na bila kuomba radhi.

Mzee Eliufoo alinyoosha mkono wake wa kushoto. Elinipendo alidhani anataka kuinyang'anya simu aitupe. Akampa tu. Mzee aliiweka sikioni, si sawasawa, akaishikilia hapo mpaka kilio kikapungua.

"God... win."

"Baba. Shikamoo Baba."

"Mara... haba." Alimeza mate. "Ume... umenisikia."

"Nimekusikia."

"Na mimi... sina kitu... cha... kukuonyesha." Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji. "Njoo... hivyo hivyo."

Mkono ulichoka, simu ikateleza juu ya blanketi. Elinipendo aliiokota. Upande wa pili Godwin alikuwa anapenga kamasi, na aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta kalamu.

"Mama, hicho kikao ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na saba," alisema. "Lakini usingoje kikao. Boma mtaongea na Hosea, ni kaka yako, anayo haki ya kusikilizwa. Wewe njoo mapema. Siwezi tena kumwinua peke yangu."